Mama Yako Anachelewa, Hajawa Mjinga

Mjukuu wangu Neema,

Usukuma nzima haijazaa mtu mwenye kichwa chepesi kama babu yako. Shule niliiacha darasa la tatu kwa kuihurumia. Marahaba. Bibi yako hajambo, amenuna tu.

Unauliza kama ugonjwa huo unaotafuna nyuzi za fahamu ubongoni umemfanya mama yako mjinga, maana anachelewa kujibu. Lo! Nanyi mnammalizia maneno, siyo?

Ujanani, kaka yangu Masanja alikuwa kiongozi wa nyimbo katika ngoma yetu ya mashindano. Wapinzani wakituimbia matusi, anawarudishia papo hapo, na watazamaji wote wanahamia kwetu. Huo ndio ushindi. Mwaka hadi mwaka akawa mzito: mguu ukaburuzika, majibu yakachelewa. Hakupimwa, kwa hiyo sijui kama ni ugonjwa huohuo.

Msimu mmoja, baada ya mavuno, wapinzani wakaimba kwamba tunacheza kama ndama wenye kupe. Nikamgusa Masanja begani.

"Kaka, jibu basi!"

"Ngoja, linakuja."

"Linatoka Kahama kwa miguu?"

Watu wakaanza kutuhama. Tukamvua uongozi palepale, nikaushika mimi, na bado tukashindwa.

Njiani kurudi nyumbani, Masanja akaimba jibu lake lote, kali, tamu, halina kasoro. Tukalisikia sisi tu. Hakukubali kuongoza tena, hata tulipombembeleza. Katika ujanja wangu wote, Neema, huo ndio uliokuwa ujinga wa kweli: hatukumngoja.

Babu yako