Fishi ya Papa

Siku ya kwanza ya juma, 6/7/1998
Nimepima joto, kilo, damu. Halafu dozi ya Papa, kupitia mupira mwembamba ulio ubavuni, ule unaotoa maji kifuani. Miaka makumi mbili alikata mabati ya simenti yenye asbesto. Vumbi likaingia kwenye ngozi inayofunika mapafu, leo ni kanseri. Dawa ni ya kujaribu. Munganga mugeni alisema wazi: kwanza wanatafuta dozi gani mwili unaweza kuvumilia. Papa ndiye wa kwanza. Mimi infirmière wake, ninayemuuguza, mimi mutoto wake, mimi ninayeandika fishi, karatasi ya hali yake ya kila siku. Hakuna mwingine wa kuiandika.

Siku ya tatu, 8/7
Ametapika mara ine. Vidole havisikii kitu, nimemufungia vifungo vya shati. Munganga akapita, akauliza. Papa: "Niko bien, docteur. Aksanti sana." Mutu ametoka mbali kukusaidia, humulalamikii. Ndivyo tulivyolelewa. Nikaandika: hakuna shida. Nikiandika ukweli wanamutoa kwenye majaribio, na dawa ingine hakuna. Najichukia.

Siku ya tano, 10/7
Nilimugombeza. Akanishika mukono. "Maman, usibaambie. Bakinifukuza, nitaenda wapi?" Mimi binti yake, ananiita maman pale anapotaka kitu. Nikaandika tena: hakuna shida.

Siku ya kwanza ya juma, 13/7
Mugonjwa wa pili wa dawa hii ni Maman Nsimire, mulimaji wa Nyantende. Bwana yake alikuwa fundi wa mabati. Yeye alimufulia nguo zenye vumbi. Fishi ya Papa ni safi, kwa hiyo Nsimire amepewa dozi kubwa kuliko yake. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema. Mwoga mimi.

Siku ya ine, 16/7
Nsimire hakuweza kushika kikombe. Alimwambia munganga hata yeye hana shida. Pumzi ikakatika saa nane ya muchana. Nilimufumba macho.

Siku ya tano, 17/7
Nimesema yote, mbele ya Papa. Munganga alikaa kwenye kitanda kitupu cha Nsimire, hakunigombeza. Bora angenigombeza. Majaribio yamesimama. Papa amegeukia ukuta.

Siku ya pili, 4/8
Risasi tangu juzi. Vita tena, miaka miwili haijaisha tangu ile ingine. Munganga alishaondoka kabla ya barabara kufungwa. Frigo haina kuraa, umeme umekatika, dawa zimeharibika. Maji yamejaa tena kifuani mwa Papa.

Siku ya sita, siku ya posho, 8/8
Kumetulia kidogo. Bwana ya Nsimire amekuja kwa miguu, akipitia njia za juu za mutaa wa Kadutu, kuchukua vitu vya bibi yake. Papa akamwambia mwenyewe, akipumzika kila maneno mawili: alidanganya, na bibi akapewa dozi kubwa kwa sababu yake. Nikaongeza kwamba mukono ulioandika ni wangu.

Yule muzee alishika kitenge cha bibi yake. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama bibi yake aliogopa.

Nikamwambia ndiyo, aliogopa.

Akaitika kwa kichwa. Akakunja kitenge, akachukua sahani ya bibi yake, akashuka. Papa amelala sasa. Mvua haijanyesha leo, njia ya yule muzee ni kavu.