Bonde la Waliotajwa

Jumamosi, 9 Agosti 2025 — Kasese

Tumeanza mchezo wa redio wa Célestin. Miji miwili inapigana ndani ya kompyuta tu. Hakuna risasi. Mashine inatangaza waliokufa, na kila aliyetajwa anachukuliwa akiwa mzima, anapelekwa bonde la nyuma ya mlima. Harudi tena. Kwao wanakaa matanga. Mimi ndiye sauti ya mashine. Nasoma majina polepole, bila huruma — ndivyo Célestin anavyotaka.

Baker, mkuu wa vipindi, hakuridhika. Alisema hakuna watu wa kukubali vita namna hiyo. Mama gani atamtoa mwanawe mzima kwa sababu kompyuta imesema? Célestin alikuwa mwalimu kule Beni, Kongo, kabla ya kukimbia vita. Alimjibu kwa upole: Baker hajawahi kuonyeshwa vita mbili, ya kompyuta na ya risasi, na kuambiwa achague.

Nilirudi nyumbani Bwera na maneno hayo.

Jumatano, 13 Agosti — Bwera

Sokoni. Mwanamke alisimama mbele ya vitenge vyangu, hagusi kitu. Nikamkaribisha, nikamuuliza anatafuta rangi gani.

"Ni weye," akasema. "Weye njo unaitaka bafu ku redio." Alinijua kwa sauti: mimi ndiye ninayeita wafu.

Anaitwa Elise, mtu wa Beni. Waasi walivamia wakati mwanawe Aaron yuko kwenye shamba la kakao. Mwili haukuonekana. Mpaka leo hajui kama akae matanga au angoje. Anataka nimtaje Aaron kwenye mchezo.

Nilimwambia, mama, huo ni mchezo tu.

"Najua ni mchezo. Miye si mujinga. Lakini mu vita yenu, mutoto akikufa, mama yake anajua pahali kwenye iko."

Nikampa namba yangu ya simu.

Jumamosi, 16 Agosti — Kasese

Baker amekataa. Jina la mtu wa kweli halisomwi, basi. Célestin hakubishana.

Tukaingia hewani, moja kwa moja. Nilipofika mwisho wa majina, mdomo ukaendelea wenyewe: "Aaron, mwana wa Elise." Baker akanitazama kupitia kioo. Akaacha kipindi kiendelee.

Nje Célestin aliniambia naye ana jina la kutajwa, la mke wake, Alliance. Lakini hawezi kulisikia kwa sauti yangu. Kisha akanipa sehemu ya mwisho, ya Jumamosi ijayo. Nimeisoma garini. Watu wa miji yote miwili wanavunja lango la bonde, wanaingia. Hakuna mtu. Hakuna hata jiko lililowahi kuwashwa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeswali Alfajiri huku nikijisikia nikitaja majina. Si ndoto. Nilikuwa macho.

Jumatatu, 18 Agosti — Maliba

Elise alipiga simu asubuhi. Yuko Maliba, chini ya mlima, nimkute huko. Nilifunga meza yangu ya sokoni, nikaja.

Nimemkuta juu ya bonde, mashamba ya kahawa yanapoishia, na furushi la nguo za Aaron. Halii. Amejipaka mafuta vizuri, kama mtu anayekwenda kutembelea wakwe. Nikamwambia, mama, turudi nyumbani.

Akasema bonde la mchezo wetu halikupewa jina kwenye redio, kwa hiyo amechagua hili. "Vita ya kweli haikunipatia hata pahali pa kupeleka triko yake." Akaigusa fulana ya juu kwenye furushi.

Laiti Baker angekuwa hapa aone. Kuuliza kama watu wangekubali! Huyu amekwisha kubali, na nguo amezipiga pasi.

Nilitaka kumwambia kuhusu sehemu ya mwisho. Kwamba lango litavunjwa, na mwenye kutangaza kuwa ndani hamna mtu ni mimi. Nilianza — "Mama, Jumamosi usifungulie redio" — akainua mkono. Hataki kusikia yajayo.

Ameniomba kitu kimoja. Nimuite Aaron, kwa sauti ile ya mashine, nikielekea bondeni. Lakini kwanza amalize kusali rozari yake.

Naandika hapa, kwenye majani, pembeni yake. Ukungu unapanda. Chini hakuonekani kitu. Shanga zinapita vidoleni mwake, na mimi naomba zisiishe.

Amejifanyia alama ya msalaba; rozari imeisha. Ananitazama.