Darubini ya Tuhfa na Harusi ya Mwisho wa Shaaban

JUMUIYA YA WATAZAMA NYOTA, MOA
Kikao cha dharura, Jumapili 8 Februari 2026, ofisi ya kijiji, baada ya Alasiri

Waliohudhuria: Badru Uweso (Mwenyekiti), Bi. Chiku Semeni na Bi. Najat Massoud (Wajumbe), Rahimu Zubeiri (Katibu).
Asiyehudhuria kwa udhuru: Tuhfa Saleh (Mtunza Darubini). Mwali yuko ndani, anaolewa Jumamosi.

KUMB. NA. 1/2026: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua saa 10:20 kwa dua, kisha akamtazama sana Katibu, aliyechelewa.

KUMB. NA. 2/2026: TAREHE YA TAMASHA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Jumamosi hii ya mwisho wa Shaaban ilichaguliwa kwa tamasha la kutazama nyota kwa sababu ya giza, mwezi ukiwa haupo. Bi. Chiku, mama wa Tuhfa, alisema hakuna aliyekumbuka kwamba siku hizo ndizo watu hukimbizana kuozesha kabla ya Ramadhani. Harusi ya bintiye ni Jumamosi hiyohiyo, nyumba imepakana na uwanja wa tamasha, na taa zimeshakodiwa.

Mwenyekiti alitaka taa zizimwe kwa muda wa saa mbili nzima. Bi. Chiku alijibu kwamba harusi mbili za Mwenyekiti ziliwaka karabai mpaka alfajiri na hakuna aliyemwambia azime. Bi. Najat, ambaye kundi lake la taarabu limealikwa harusini na kwenye tamasha pia, alisema mshika mawili moja humponyoka, naye hajui aimbe wapi.

KUMB. NA. 3/2026: DARUBINI
Mwenyekiti aliuliza nani ataielekeza kwenye sayari ya Mushtarii. Katibu anakiri kwa aibu: miaka mitatu sote tumekuwa tukimwita Tuhfa, kisha tunachungulia tu. Jumatatu baada ya harusi Tuhfa anavuka kwenda Pemba kwa mumewe.

Bi. Chiku alifikisha maneno ya bintiye: "Mama, waambie sitoki, mila naijua. Lakini wailete uani nimfundishe mtu, nami niiage."

Mwenyekiti alimwomba Bi. Chiku radhi.

Iliazimiwa: darubini ikae uani kwa Bi. Chiku hadi Jumamosi, na Bi. Najat, kwa kuwa ni mwanamke na anaruhusiwa kuingia, akafundishwe. Taa zizimwe kwa muda wa nusu saa baada ya swala ya Isha, na taarabu ianze zikiwashwa tena, watu wa harusi na wa tamasha waisikilize pamoja.

KUMB. NA. 4/2026: MENGINEYO
Mwenyekiti alipendekeza jina la Tuhfa liondolewe orodhani kwa kuhama. Hakuna aliyeunga mkono, na yeye mwenyewe hakulirudia.

Watu walitawanyika saa 11:40. Mwenyekiti aliibeba darubini mwenyewe hadi mlangoni kwa Bi. Chiku, akabisha hodi, akaikabidhi, akarudi nyuma.

B. Uweso, Mwenyekiti ………………
R. Zubeiri, Katibu ………………