Mgongo Wako Ukutani

Baba Achola,

Najua jina hilo hulijui. Uliondoka tumbo langu likiwa bado dogo, ulikuwa ukiwaambia watu ni la ugali, ili wasitutie jicho. Basi, ni msichana. Mama yako akampa jina la Achola, kama Wajaluo tunavyomwita mtoto anayezaliwa baba yake akiwa ameshakufa. Nililia nikikataa, baadaye nikalizoea. Wanasema ana masikio yako. Watu wa Nkende ndio wanaosema, maana mimi, nisikufiche, sura yako imeanza kunitoka.

Nilitaka kuanza na maneno mazuri, nimeshindwa. Nina hasira na wewe.

Jumamosi ile mgeni wako, yule mzungu, alikuwa na mapumziko. Wiki nzima alikuwa anajitolea pale shuleni, kufundisha watoto nyimbo za kwao na kupaka madarasa rangi, na siku yake ya kupumzika akataka kuhangaika. Sisi tukipewa mapumziko tunalala! Yeye alitaka kuuona mto Mara, tena si kuuona tu, auvuke kwa miguu pale ng'ombe wanapovukia, apate picha karibu na yale mawe ya katikati. Ukamleta kwanza nyumbani. Nikampikia ugali na sato, akala kwa mkono, akajipaka mchuzi mpaka kidevuni, ukacheka sana. Nikakuvuta pembeni nikakwambia usimpeleke. Ukanijibu, "Ameshakula kwangu. Nitamkataliaje?" Ukapiga kiki pikipiki, mkaenda zenu.

Mengine niliambiwa na wachungaji wa kule Busawe, walioirudisha pikipiki yako. Waliwakuta ukingoni. Wakakwambia ng'ombe wao wamegoma kunywa pale tangu asubuhi. Wewe umechunga tangu utotoni, hukuhitaji kufafanuliwa. Wanasema ulimweleza mgeni wako, akacheka, akasema ndiyo mambo aliyoyafuata Afrika. Basi ukavua viatu. Mgeni hatangulii kwenye maji. Mwenyeji ndiye anayekwenda mbele na fimbo, akipima njia. Ukatangulia. Heshima gani hiyo, jamani? Nani alikutuma uwe na adabu mpaka mbele ya mamba?

Yeye alikuwa amelowa magoti tu. Akarudi ukingoni mzima.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa hapa amepona nani?

Tulikutafuta, hukuonekana. Wazee wakakataa kaburi tupu, wakasema utazunguka bila pa kulala. Wakachuma tunda la mvungunya, refu, zito, wakalivika shati lako la bluu, wakalifunga shuka, tukalililia hilo badala yako. Uwii! Nimezika watu, lakini sikuwahi kuzika tunda. Mama yako alilipakata kama mtoto mchanga, akagoma kuliachia. Mgeni wako alikuja, macho mekundu, sisemi hakuumia. Ila kabla hatujalishusha kaburini alimwuliza Mwalimu Gati, aliyemkaribisha kwake, kama tunda lile huwa linaliwa. Mwalimu akainamisha uso. Aliniambia siku nyingine, nilipombana.

Nilimwomba kitu kimoja. Simu yako na kitambulisho vilikuwa mfukoni, vikaenda na wewe, na picha zako zote zilikuwa humo. Harusi tulisema tungoje mavuno. Kwa hiyo picha iliyobaki duniani ilikuwa kwenye simu yake, ile aliyojipiga mkiwa majini, na wewe nyuma yake. Nikamwambia, Mwalimu Gati akitafsiri: mtoto wangu atazaliwa, naomba aujue uso wa baba yake. Akanishika mikono yote miwili, akaahidi. Kesho yake akapanda gari akarudi kwao.

Nikangoja. Nikajifungua, Achola akakaa, akatambaa, akasimama. Kila nikimwuliza Mwalimu, ananiambia ni mtandao. Mtandao gani huo unaokubali picha za mbwa wake na kuikataa yako? Nilikuwa naziona kwenye simu ya Mwalimu, mbwa amevaa kofia.

Mwezi uliopita ikaja, na maneno machache: ilikuwa siku ya ajabu kuliko zote maishani mwake. Sikutaka kuitazama kwenye kisimu. Nilitaka nikuone vizuri. Nikamwambia Mwalimu aitume studio kule Sirari, nikaenda mwenyewe, nimevaa kitenge ulichokipenda. Fundi akaifungua kwenye kompyuta.

Mgeni wako amejaa picha nzima, meno yote nje, dole gumba juu. Nyuma ya bega lake uko wewe, mdogo, umeshika fimbo. Umegeuka. Unamwangalizia maji. Kisogo na mgongo, basi.

Fundi akaniuliza, "Sister, tunasafisha kubwa huyu mzungu?" Nikasema safisha yote. Ningefanyaje? Nikaitia fremu, nikaitundika.

Jana mchana mama yako alikuwa anapepeta mtama, Achola kasimama ameshikilia ukuta. Akainua kidole kwenye yale meno. Akasema, "Baba."

Ni neno lake la kwanza. Tulikuwa tunalingoja. Mama yako akaacha ungo. Mtoto akadhani hatujasikia, akarudia, akapiga makofi.

Nimechukua mkasi nikamkata mgeni wako. Umebaki kipande kidogo kama kiberiti, na ukingoni kimebaki kidogo cha bega lake, nimeshindwa kukitoa bila kukukata mkono. Nimekirudisha kwenye fremu ileile kubwa. Mama yako anasema kinaonekana vibaya. Nimemwambia kikae hivyohivyo.

Sasa nikuache, Baba Achola. Lala, popote mto ulipokuweka. Kila asubuhi nitambeba mwanao nimwonyeshe mgongo ule, mpaka aache kumtafuta yule mwenye meno. Nakuahidi hilo. Na akija mgeni mwingine mlangoni kwetu, atapewa maji, atapewa ugali ashibe, sitakuaibisha. Mtoni atatangulia yeye.

Mimi mke wako,
Mama Achola