Marko, Mathayo na Neno Lako la Mwisho

Shemeji yangu Mwalimu Kyalo,

Najua huko uliko hakuna posta. Lakini mimi niliwahi kufikisha ngamia Mandera wakati wa mafuriko, barabara imekatika na madereva wazima wanalia. Barua itanishinda? Wewe soma tu.

Habari kwanza. Benchi letu bado liko mbele ya duka langu la dawa za mifugo. Mteja akitaka kukaa upande wako namwambia kuna msumari umetoka. Hakuna msumari. Mke wangu bado anamimina vikombe viwili baada ya alasiri, halafu anakumbuka, halafu anakunywa yeye kile cha pili hapo mlangoni, bila kuniangalia. Mvua imenyesha. Huko malishoni Sangailu majani yamefika magotini. Haya, kwenye kifundo cha mguu. Nakujua, ungesema.

Na binti yako Wanza amejifungua. Wa kiume! Wamempa jina lako. Amenitumia picha kwa simu, na wallahi mtoto ana paji la uso lile lile lako, kama mtu anayesahihisha mitihani na hajaridhika.

Sasa huyo huyo Wanza ndiye amenikosesha usingizi. Unajua tangu nilipomfanya mama yake dada yangu ananiita abti, mjomba kwa Kisomali chetu, na wewe ukawa shemeji bila kutoa hata mbuzi mmoja aliyekonda. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Abti, pasta anasema baba aliondoka na zaburi mdomoni. Baba mdogo anasema aliita jina la babu. Wote hawakuwepo. Wewe ulikuwepo. Niambie alisema nini, nimwandikie huyu mtoto aje asome."

Sijajibu. Mimi! Mtu akiniuliza saa naanza na ukoo wangu, lakini Wanza sijamjibu.

Wewe ndiye uliyeniharibu, Mwalimu, na mabishano yako. Wewe ulifundisha dini na historia sekondari mpaka ukastaafu. Mimi shule niliiacha darasa la saba kwa hiari yangu, baada ya mwalimu kuishiwa na ya kunifundisha. Mimi Mwislamu, najua Injili aliyoteremshiwa Nabii Isa. Nyinyi mna vitabu vinne vyenye majina ya watu, na mimi mtu wa mifugo nikiona wanne wamefanana hivyo lazima niulize mama ni yupi.

Nikasema Mathayo. Ushahidi ninao: anaanza na nasaba. Mtu mwenye adabu ataanzaje habari kabla ya kusema huyu ni mwana wa nani? Wewe ukacheka mpaka chai ikakutoka puani. "Shemeji," ukasema, "wewe unafikiri kila kitabu kimezaliwa Garissa." Ukaniambia wasomi wengi wanamtanguliza Marko, yule mfupi, asiye na ukoo wala habari za kuzaliwa, kwa sababu wawili kati ya wengine, Mathayo na Luka, wanamfuata nyayo, maneno yale yale, mpangilio ule ule, kisha wanaongeza yao. Nikakuuliza una hakika? Ukasema, "Hakika sina. Nina uzito wa dalili." Nikapenda neno hilo. Nimelitumia sokoni mara nyingi, na watu wamepunguza bei.

Nilipomfikia Luka nikaruka kwenye benchi. Yeye anahesabu kutoka kwa mwana kwenda juu kwa mababu, hivyo hivyo tunavyowafundisha watoto wetu! Nikamdai awe wa kwetu. Lakini babu wa Isa kwa Luka si yule wa kwa Mathayo. Nikakwambia huku kwetu, mtoto mmoja akiletwa na mababu wawili upande wa baba, wazee wanaitisha kikao. Ukasema, "Wasomi wako kwenye kikao hicho hadi leo, na chai imekwisha."

Halafu ukaleta lile la barua. Kwamba barua za Paulo ni za zamani kuliko hao wanne wote. Hapo nilikataa, nikasimama, nikakuonyesha kidole. Barua itatanguliaje kisa chenyewe? Ukanijibu polepole, unapuliza kikombe: "Walioona wakiwa hai, nani atahangaika kuandika kisa? Unamuuliza jirani. Barua unaandika watu wa mbali wakigombana. Kisa unakiandika majirani wanapoanza kuondoka."

Nikasema hayo ni maneno ya pensheni.

Na pigo lako baya zaidi, ulinichukulia simba wangu. Nilipokuhadithia tena jinsi nilivyomuua kwa bakora kule Bute, ukageukia wateja wangu wote: "Mara ya kwanza alikuwa fisi. Na alikimbia. Mnaona? Ndiyo maana namwamini yule mfupi." Wakacheka siku nzima. Nimekusamehe, ingawa simba alikuwepo.

Sasa majirani wameanza kuondoka, shemeji, na jirani anayeulizwa ni mimi.

Siku ile tulikuwa kwenye Marko tena. Joto lilikuwa la kawaida tu, la kwetu. Ulionja chai, ukasema, "Leo sukari imezidi, mwambie mkeo." Ukaweka kikombe chini. Ukaegemea ukuta.

Nikaendelea kuongea. Nilikuwa na hoja mpya, nzuri sana, kwamba Marko amefupisha kwa sababu alikuwa na haraka, kama mtu anayehamisha mifugo usiku. Nikaieleza yote. Ukanyamaza. Nikasema, leo nimekushinda, sema. Nikakupiga goti kwa furaha. Nikaingia hoja ya pili. Mpaka mke wangu akatoka na birika, akakutazama, akaniita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ndiyo hivyo. Hakuna zaburi. Hakuna jina la babu yako.

Na nimekaa na simu mkononi siku hizi zote, kwa sababu ninaweza kumpa Wanza kitu kizuri, Mwalimu. Unanijua. Nikianza saa hii, mpaka magharibi utakuwa umetubariki sote, umetaja mwanao, umetazama juu na ndege wametua. Ningelia mimi mwenyewe kwa kusikia. Naye angeliandika, na mtoto mwenye paji lako la uso angekua akimjua babu ambaye mimi nimemtengeneza. Mtu mzuri. Lakini si wewe. Wewe ndiye uliyelalamikia sukari.

Wanza anakuja na mtoto Jumamosi kwa basi. Nakuahidi, na ahadi yangu huku inanunua ngamia bila shahidi: nitamketisha upande wako wa benchi, nitamwambia ulisema leo sukari imezidi, na kwamba ulikuwa hujachoka, hukuogopa, na ulikuwa kati ya watu wanaokupenda na hawanyamazi. Hilo la mwisho si chumvi, mke wangu ni shahidi.

Kwa heri, shemeji. Mimi na wewe tutasimama mbele ya Yule anayejua kitabu kipi kilitangulia, na nakuomba umwache aseme Yeye. Mimi nitakaa kimya nisikilize. Nimeanza kujifunza.

Shemeji yako,
Bare wa dawa za mifugo