Mikro ya Ngoma

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Korale, kwaya yetu ya kanisa, imefika asubuhi, wote na njaa kama kawaida! Chumba yangu ya studio ni ndogo, kwa hiyo ngoma inabaki inje uani, karibu na mulango wa lupango. Waya wa mikro unapita dirishani. Kila sauti iko na piste yake, njia yake ya kurekodi, mu mashine. Toussaint, mudogo wangu, bass, piste ya ine. Ngoma, piste ya munane. Toussaint anachelewesha kazi na mizaha yake. Nimemwambia afunge kinywa — akacheka. Sasa ni mapumziko, wamekwenda kunywa maji.

Jumapili, 4 Agosti

Wamemuua Toussaint. Jana ileile, mu mapumziko, alisimama kwenye ngoma. Watu wa bunduki walimumwagia risasi mpaka uso ukakosekana. Wakakimbia upande wa ziwa.

Juma lililopita alitaja waziwazi, mbele ya kanisa, majina ya wale wanaokata watu mapanga kwenye barabara ya Luvungi. Nilimwambia mudomo wake utamuponza. Mungu wangu! Nimesugua ngozi ya ngoma na kitenge. Damu imeingia ndani, haitoki.

Jumatano, 7 Agosti

Tumemuzika jana. Maestro Evariste, mukubwa wa korale, aliimbisha huku analia. Akanishika mabega. Anataka tumalize wimbo, tuupige siku ya kuondoa matanga: sauti ya Toussaint iko ndani, wengine wataimba juu yake.

Leo nimewasha mashine, nikasikiliza piste moja moja. Ya ine: Toussaint. Nimelia. Ya munane — sikusimamisha kurekodi wakati wa mapumziko, sisimamishaka hata siku moja. Ngoma kimya. Miguu ya watu. Kisha muntu anasema polepole:

“Ni huyu wa shati ya kijani. Si ule mwengine. Mufanye mbio.”

Risasi.

Ni Evariste. Amenifundisha kuimba tangu niko mutoto, siwezi kukosea sauti yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemusikilizisha Merdi, mudogo wangu wa mwisho. Alipiga ukuta ngumi mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Nikamwambia tupeleke mashine tribunali. Akauliza tribunali gani, na wale wauaji wanakunywa bia pamoja na wakubwa? Basi nimesema Evariste aje kesho kurekodi. Atasikia sauti yake mwenyewe. Ninataka aseme kwa nini, ni ile tu. Merdi ameapa kwa kaburi la Toussaint kwamba hatamugusa.

Jumamosi, 10 Agosti

Ninaandika hapa hapa mu studio.

Amekuja na kravati. Nimemuvalisha ekuteri masikioni, nikapandisha piste ya munane. Akaanguka magoti.

“Apolline,” akaniambia, “walikamata Shalom wangu. Walisema ni Toussaint ao ni mutoto.”

Binti yake! Anaimba soprano, piste ya kwanza. Nikachukua chuma ya kusimamishia mikro, nikamupiga kinywa. Mara nyingi. Meno iko chini, pale kwenye waya. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Kisha makelele kwenye lupango. Merdi ameleta vijana wa kartie, wa mtaa wetu. Nimechungulia: mupira wa gari, bidoni ya esansi, petroli ya kumuchoma Evariste. Nimefunga mulango wa studio kwa ndani. Ufunguo iko mukononi mwangu.

Evariste amekaa kwenye kona, damu inashuka kwenye kravati. Anaangalia ufunguo tu.

Mimi nimevaa ekuteri. Mashine inarekodi, na Merdi amesimama palepale kwenye ngoma. Ninamusikia kama iko mu sikio langu:

“Muanze na miguu. Mufanye mbio, kabla askari wafike.”

Mufanye mbio. Mudogo wangu!

Sasa ameona mikro. Anakuja, anagonga mulango kidogo, kwa heshima.

“Yaya, dada yangu, zima mashine kwanza. Kisha ufungue.”

Taa nyekundu ya munane inawaka. Anagonga tena. Sijazima. Sijafungua.