Nilimjazia Dada Fomu ya Kazi, Nikamjengea Kituo Kisichokuwepo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha hutuambia kwamba anayekiri kosa aanze na kosa lenyewe, lakini mimi nikianza na langu utadhani nyumbani kwetu hakuna amani, na ukweli ni kwamba amani ipo, tena nyingi, na ndiyo ninayoogopa kuivunja.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nyumbani tuko watatu: mama ambaye ni fundi cherehani, dada yangu mkubwa ambaye ni mfamasia, na mimi. Ninamwita mfamasia kwa sababu amesoma miaka yote inayotakiwa, akamaliza mwaka wa mafunzo hospitalini, akafaulu mtihani wa baraza na kusajiliwa, na cheti chake kiko ukutani juu ya cherehani, lakini kazi hajapata, na huu ni mwezi wa kumi na moja anatafuta. Darasani kwao walihitimu tisini, na vyuo vingine navyo vimetoa wao, kwa hiyo likitokea tangazo la nafasi mbili wanafika watu mia mbili, na siku moja dada alipanga foleni ndefu hadi mpita njia akamuuliza kama kuna mechi. Halafu matangazo yote yanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Mama akisomewa hayo husema, "Huo uzoefu unauzwa duka gani, nikamnunulie mwanangu hata robo kilo?" na sisi hucheka, dada naye hucheka, ila yeye huwahi kuacha.

Usidhani hajapata nafasi ya mkato. Alikuja kaka mmoja mwenye duka la dawa, akasema hamhitaji dada kazini, anahitaji cheti chake tu akitundike dukani ili wakaguzi wakija wakione, na dada akae nyumbani apokee mshahara. Dada alimkaribisha chai, akamsikiliza vizuri, kisha akamwambia, "Kaka yangu, cheti changu hakikai mahali nisipokaa mimi." Yule kaka alimaliza chai yake akaondoka. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani niliyemkosea.

Sasa wateja wa mama, wanaokuja kupimwa nguo, waligundua kwamba humu ndani kuna mfamasia, wakaanza kuja na mifuko yao ya dawa. Basi kila Jumamosi baada ya saa nane mama husogeza vitambaa, na dada huumwaga mfuko kwenye meza ya kukatia nguo na kutenga zilizoisha muda, zinazofanana na zisizo na jina. Wa kwanza alikuwa dereva mstaafu tunayemwita Mzee Breki, na mimi nilikuwepo.

"Hii unaimeza saa ngapi, babu?" dada alimuuliza.

"Nikiikumbuka."

"Na hii?"

"Hiyo naimeza nikiisahau ile."

Tulicheka, lakini dada alikuwa ameshika maboksi mawili, moja la kijani na moja jeupe, yenye majina tofauti, na ndani yake mlikuwa na dawa ileile ya presha. Mzee alikuwa anameza zote mbili na kupata kizunguzungu, akadhani ni uzee. Dada hakumbadilishia kitu. Alimwandikia daktari wa zahanati barua, akamsindikiza mzee siku ileile, na daktari akairudisha ile barua ikiwa na maneno nyuma yake: "Asante. Umeona kilichonipita. Ukiwaona wengine, waelekeze kwangu." Tangu hapo watu wameongezeka. Dada huwaandikia karatasi ya saa za dawa, na kwa wasiosoma vizuri mimi huchora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Hatumtozi mtu. Mama humtania, "Mfamasia, ofisi yako imejaa vifungo, angalia usije ukampa mtu akameze." Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Kosa langu ni hili. Lilitoka tangazo la duka kubwa la dawa, fomu yake ni ya kujaza kwenye kompyuta, na mimi huruhusiwa kutumia chumba cha kompyuta cha shule baada ya masomo. Dada alikuwa ameshajaza fomu thelathini na moja. Akaniambia, "Nijazie wewe, mdogo wangu, mimi nimechoka hata kuandika jina langu." Nikajaza kwa uangalifu mpaka nikafika kwenye uzoefu wa kazi, na kile kisanduku, mshauri, ukikiacha kitupu fomu haiendi mbele, inakuletea maneno mekundu. Nilikaa nikakitazama. Nikafikiri, lakini dada anafanya kazi, mimi naiona kila Jumamosi. Basi nikaandika: Kituo cha Ushauri wa Dawa cha Jamii. Cheo: Mfamasia Msimamizi. Muda: miezi kumi, na hapo sikuongeza hata wiki. Wafanyakazi: wawili, kwa sababu nilijihesabu. Mkurugenzi: mama, na namba yake ya simu. Maneno mekundu yakaondoka, nami nikatuma.

Baada ya wiki mbili simu ya mama ililia akiwa anakata kola, nikaipokea mimi. Alikuwa mwenye lile duka, mama mmoja mwenye sauti ya haraka.

"Naongea na mkurugenzi wa kituo?"

"Yupo kikaoni," nikasema, na mpaka leo sijui maneno hayo yalitoka wapi.

"Basi mpe ujumbe. Hiyo kazi yenu imenivutia. Hapa dukani wazee wananijia na mifuko hivyohivyo na watu wangu hawajui waanzie wapi. Huyo mfamasia nimeshamtumia ujumbe wa usaili, Alhamisi tarehe ishirini na nane saa nne. Lakini saa mbili nitapita kwanza hapo kituoni nijionee. Mnafungua saa ngapi?"

"Saa moja," nikajibu, kwa kuwa mama huanza kushona saa moja, na nikamwelekeza mtaa na rangi ya mlango, na nikasema karibu sana.

Dada anajua kuhusu usaili, kuhusu ugeni hajui. Amefua koti lake jeupe na kulipiga pasi mara mbili, anaimba akiosha vyombo, na sauti yake ya kuimba nilikuwa nimeisahau. Rafiki yangu wa darasani anasema dawa ni ndogo, tuandike kibao cha kituo tukitundike mlangoni, kikishatundikwa kituo kitakuwepo na sitakuwa nimesema uongo. Tumeshakipaka rangi, kiko chini ya kitanda changu. Lakini kila nikilala juu yake sipati usingizi mzuri. Nikimwambia dada ukweli najua ataondoa jina lake kwenye usaili siku hiyohiyo, na hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa kwa miezi kumi na moja. Nikinyamaza, huyo mama atakuja asikute kituo, akute cherehani na suruali zisizo na pindo. Nifanye nini? Na je, ni uongo kweli, ikiwa kazi yenyewe ni ya kweli?

Ni mimi,
Mdogo wa Mfamasia

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mdogo wa Mfamasia.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimecheka mara mbili, ya pili ilikuwa pale kwenye "yupo kikaoni". Sasa kicheko kimekwisha, kaa vizuri.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo unalojificha nyuma yake. Chupa yenye dawa nzuri ikibandikwa lebo isiyo yake, dada yako ataiuza? Hataiuza. Ataitoa kwenye rafu, hata kama kilichomo ndani kingemponya mtu, kwa kuwa mteja hana macho ya kuona ndani ya chupa, ana lebo tu. Wewe umechukua kazi safi kabisa, ukaibandikia kituo, mkurugenzi na wafanyakazi wawili. Ndiyo, ni uongo. Kibaya zaidi, hiyo chumvi hukuitia kwenye chungu chako. Umeitia kwenye chungu cha mtu aliyemfukuza mwenye duka kwa adabu na kikombe cha chai, kwa sababu hakutaka cheti chake kiseme asichokifanya. Fomu imebeba jina lake. Siku huyo mama akigundua, hatakutafuta wewe.

Kile kibao kakivunje. Fomu ulijaza kwa pupa ya mapenzi, hilo naweza kulielewa. Kibao mmekaa wawili mkakipaka rangi. Na rafiki yako mwambie nimesema asome zaidi na ashauri kidogo.

Hayo ndiyo ya kukugombeza. Sasa nikuonee huruma kidogo, kwa sababu kile kisanduku chenye maneno mekundu ninakijua. Ninyi mnaotangaza kazi ya kuanzia mkataka aliyekwisha kuanza, mjitazame. Mnawafundisha watoto wa watu kubuni.

Lakini hebu soma tena alichokuambia yule mama kwenye simu. Je, alisema amependa jina la kituo? Alisifu jengo? Alisema wazee wanamjia na mifuko na watu wake hawajui waanzie wapi. Anatafuta mtu anayejua pa kuanzia. Mtu huyo mnaye nyumbani, na hajawahi kuhitaji kibao. Ulipobuni kituo ulimfunika dada yako kwa pazia, halafu unashangaa haonekani.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie dada yako leo, wewe mwenyewe, usimtume mama. Mwambie yote, pamoja na simu, pamoja na saa mbili asubuhi. Atakasirika na una haki ya kukasirikiwa, usilie ili akuhurumie. Akisema anajitoa, mpe ukurasa huu asome mistari hii, ni yake: Binti mfamasia, usijitoe. Kujitoa kimyakimya ni kumwachia yule mama uongo mkononi. Mpigie simu wewe, kabla ya Alhamisi, umwambie fomu ilijazwa na mdogo wako na ina makosa, kwamba hakuna kituo, kuna meza ya kukatia nguo na saa chache za Jumamosi, hulipwi, hugawi dawa, hubadilishi dozi, unapanga na kuelekeza kwa daktari. Kisha mwambie kama bado anataka kuja kuona, aje Jumamosi saa nane, watu wakiwepo. Mtu wa kuthibitisha asiwe mama yako, Mungu ambariki, awe daktari wa zahanati. Nenda kamwombe barua, mtu aliyekushukuru kwa maandishi hawezi kuona taabu kukuandikia tena.

Inawezekana yule mama akasema hapana. Sitakudanganya. Akisema hapana, acha kutupa fomu kama mtu anayetupa mawe gizani. Vaa lile koti, tembea duka kwa duka mchana ule wateja wanapopungua, uulize nani anakwenda likizo, nani anajifungua, nani anahitaji wa kushika zamu wiki mbili. Uliza miji midogo ambako wenzako tisini hawataki kwenda. Kazi ya kwanza mara nyingi huanza kwa kumshikia mtu nafasi yake, halafu mwenye duka anagundua hataki uondoke.

Nirudi kwako, mdogo mtu. Usijaze tena fomu ya mtu mwingine bila mwenyewe kuisoma kabla haijatumwa, hata akiwa amechoka vipi. Michoro yako ya jua endelea nayo, hiyo haina uongo.

Jambo la mwisho, na hili ni la haraka. Nimefuta jina la mtaa wenu, jina la shule na rangi ya mlango. Cherehani, mfamasia na mifuko ya dawa sikuweza kuvifuta, bila hivyo barua yako isingebaki na kitu. Huko kwenu nyumba za namna hiyo ni ngapi? Gazeti hili linafika madukani saa moja asubuhi ya Jumamosi, na wateja wa mama yako wanajua kusoma. Wa kwanza akiingia na gazeti kwapani, dada yako akayasikia kwake na si kwako, hapo sitakuwa na ushauri wa kukupa. Kwa hiyo usimalizie hata ukurasa wa michezo. Inuka, nenda alipo, anza hivi: "Dada, kwenye ile fomu niliandika mambo ambayo hukuniambia niandike."